Mtogwa wa Kwenda Uwanja wa Ndege

Pipa la nne ndilo lililowasumbua. Matatu ya kwanza Oliva na jirani yake Conjesta walikwisha kuyapandisha kwenye toyo ya magurudumu matatu, wakiyasukuma kwa mabega huku miguu ikiteleza kwenye tope jekundu la Kitandililo, lakini la nne lilijazwa hadi shingoni na kila walipoliinua lilirudi chini. Ukungu ulikuwa bado umeikalia barabara. Ilibidi Abasi, mwenye toyo, avue koti lake zito na kubaki na sweta, ndipo wakaliweza.

Kabla ya kufunga kamba, Abasi aliinama akatega sikio kwenye pipa.

"Linachemka," alisema.

"Halichemki. Tumelitikisa tu."

"Mama, tulishaelewana. Mtogwa nabeba, mtogwa ni juisi. Ukianza kutoa povu ni pombe, na mimi pombe sibebi. Nashusha hapo hapo, hata kama ni porini."

"Najua, baba. Ndiyo maana nasema twende."

Abasi hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Makambako, swala zake hazimpiti, na tangu mvua zianze alikuwa amewabebea mzigo wao bila kukosa hata siku moja. Neno lake lilikuwa lile lile: juisi, sawa, pombe, hapana. Na ulanzi haukubaliani na mtu juu ya hilo. Unapogemwa alfajiri kutoka kwenye vichipukizi vya mianzi ni mtamu, ndio mtogwa wenyewe, hata mtoto anapewa. Jua likipanda unaanza kubadilika. Jioni ni mkangafu, na mkangafu humwangusha mwanamume mzima.

"Ukishapokewa piga simu," Conjesta alisema, akifuta mikono kwenye kitenge. "Hakuna atakayekula vizuri mpaka tusikie." Alilisema kama utani lakini hakucheka.

Oliva alipanda akakaa juu ya tairi la akiba, mgongo kwenye mapipa. Toyo ikaondoka.

Mapipa yale ya bluu hayakuwa yao. Yalikuwa ya kampuni moja ya Dar es Salaam iliyoanza misimu miwili nyuma kununua mtogwa, kuupoza, kuuchuja na kuutia kwenye chupa nyembamba zenye picha ya mianzi. Chupa hizo hazikuuzwa Njombe wala Makambako. Zilikwenda kwenye uwanja mkubwa wa ndege, kwenye maduka yale ambayo wasafiri wa nje wananunua vitu bila kutozwa ushuru. Watu wa kikundi cha wagemaji cha Oliva waliyaita dyuti frii, kila mmoja kwa matamshi yake. Kampuni iliweka sharti moja: wasiuze mtogwa kwa mtu mwingine. Wakakubali. Wakaacha kumpelekea Nahumu, mwenye kilabu cha pombe pale kijijini, aliyekuwa akinunua kwao tangu zamani. Nahumu aliudhika. Aliwaambia waende salama, ila wakirudi wasigonge mlango wake.

Lakini lililomnyima Oliva usingizi halikuwa Nahumu. Lilikuwa Aloyce, mdogo wa marehemu mume wake, Anselmi. Anselmi alipofariki aliacha nyumba, watoto wawili, na shamba la mianzi lililoshuka hadi kijitoni. Aloyce alitaka mianzi ing'olewe. Kila upande wa Njombe watu walikuwa wanapanda parachichi, wawekezaji walikuwa wanagawa miche kwa mkopo, na yeye aliona aibu, alisema, kuona ardhi ya kaka yake imekaa na manyasi ya kulevya watu. Kwenye kikao cha ukoo Oliva alisimama akasema mianzi ile sasa inakwenda uwanja wa ndege, wanakunywa wazungu. Wazee walicheka, kisha wakamwachia msimu mmoja aonyeshe. Mara mbili tayari kampuni ilikuwa imeukataa mzigo wake, mara ya kwanza kwa uchafu, mara ya pili kwa kuchelewa. Ikitokea tena, alikuwa ameambiwa, kikundi kinaondolewa.

Kwa hiyo alikaa juu ya tairi, mkono mmoja kwenye kifuniko cha pipa, akisikilizia kwa kiganja.

*

Geti la ushuru lilikuwa mahali barabara ya Kitandililo inapokaribia mji wa Makambako. Bomba refu lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kibanda cha mbao, na foleni: lori la mbao za misindano, pikipiki zenye magunia ya viazi, mkokoteni wa mahindi mabichi. Geti lilikodiwa na wakala mpya tangu mwanzo wa mwaka. Wakala mwenyewe hakuna aliyemjua. Waliyemjua ni Denis, kijana mwenye koti la mvua la njano na mashine ya kutolea risiti iliyoning'inia shingoni.

Siku zote Denis aliwapungia mkono wapite. Leo alisimamisha toyo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mzigo ule ule, Denis. Wa kampuni."

"Najua. Ndiyo shida yenyewe." Alizunguka mapipa akiyagonga gonga. "Tumeambiwa huu mzigo unakwenda uwanja wa ndege. Sasa hivi ni biashara ya kimataifa. Hauwezi kupita kama kuni."

"Unakwenda dyuti frii," Oliva alisema. "Hauna ushuru. Ndiyo maana yake."

Denis alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama, dyuti frii ni huko kwao. Hapa ni getini."

Akaeleza. Kama ni zao la shamba, linalipiwa ushuru wa mazao. Kama ni pombe, inatakiwa kibali cha pombe. Oliva akasema ni zao, limetoka shambani alfajiri. Denis akasema zao halifunikwi kwenye pipa. Oliva akasema basi aonje, atakuta ni tamu kama miwa. Denis akasema yeye hana mamlaka ya kuonja, ila msimamizi yuko ofisini mjini, aende akaongee naye. Akipiga simu tu, bomba litanyanyuka.

"Na mzigo?"

"Mzigo unabaki."

Oliva alitazama juu. Ukungu ulikuwa unapasuka, na katikati yake jua lilionekana jeupe kama sahani. Akamwomba Abasi asogeze toyo kivulini kwa ukuta wa kibanda, akavua kitenge cha pili alichojifunga kwa ajili ya baridi, akakichovya kwenye dimbwi na kukitandaza juu ya mapipa. Kisha akachukua bodaboda.

Ofisi ya wakala ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo. Msimamizi alikuwa kwenye simu, Oliva akaambiwa asubiri. Alikaa kwenye benchi pamoja na mzee aliyezuiliwa getini pamoja na kuku wake na mwanamke wa mkaa. Upepo wa Makambako ulipiga bati la paa likawa linapanda na kushuka.

Simu yake iliita. Alikuwa Teodora, mdogo wake wa mwisho, anayesafisha sakafu kule uwanja wa ndege.

"Dada, nimeziona chupa zenu," Teodora alisema kwa sauti ya chini. "Wamezihamisha. Zilikuwa kule pembeni karibu na choo, sasa ziko mbele kabisa, zimewekewa taa."

"Kweli?"

"Huku kumebadilika, dada. Zile benchi za abiria kusubiria wameziondoa nusu. Wamejenga maduka mengine, manukato, saa, chokoleti, mvinyo. Mtu akishagongewa pasipoti hana njia nyingine, anapita katikati ya duka ndipo afike kwenye ndege. Sisi tumeongezewa eneo la kudeki, watu ni wale wale. Nilitaka ninunue chupa moja nikuletee sikukuu. Wamekataa."

"Kwa sababu wewe ni mfagizi?"

"Hapana. Wanataka tiketi ya ndege. Asiyesafiri hauziwi." Sauti nyingine ikasikika nyuma yake. "Nakwenda, dada, msimamizi kaja."

Oliva alibaki ameishika simu. Alijaribu kuiona chupa chini ya taa, lakini kilichomjia ni mapipa, na jua kwenye ukuta wa kibanda.

Msimamizi aliitwa Rukaya, mwanamke mtulivu mwenye mtandio wa kijivu na miwani. Alimpa Oliva kiti na akamsikiliza bila kumkatisha. Hilo nalo lilimtia wasiwasi Oliva, maana mtu anayekusikiliza hadi mwisho mara nyingi ameshaamua.

"Nimekuelewa, mama," Rukaya alisema. "Ila ule msamaha unaanzia kule ndani. Mzigo ukishavuka mlango wa forodha wa uwanja, hautozwi. Huku nje bado ni mzigo kama mzigo mwingine."

"Kwa hiyo anayesamehewa ni nani?"

"Msafiri."

"Na sisi tunaougema?"

Rukaya alivua miwani akaifuta. "Nyinyi hamsafiri," alisema kwa upole, kama anayemweleza mtu njia.

Walikubaliana uandikwe mazao mengineyo. Oliva alilipa. Ilikuwa nauli ya Abasi aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Rukaya akapiga simu getini, akamtakia kazi njema.

*

Aliporudi alimkuta Abasi amesimama mbali na toyo yake, mikono mfukoni.

"Walifungua," alisema. "Nilikwenda msalani, nikarudi nikakuta Denis na mwenzake mmoja wana jagi. Eti wanahakikisha kama ni zao au pombe."

"Pipa gani?"

"La mwisho, lile zito. Na jagi lenyewe lilikuwa la maji ya kunawia."

Oliva aligusa pipa. Lilikuwa na joto. Alilegeza kifuniko kidogo, likatoa mlio mrefu mwembamba, akakifunga haraka kabla Abasi hajageuka. Lakini Abasi alikuwa amesikia. Alitazama lami mbele yake, akawasha injini.

"Ni karibu," Oliva alisema.

"Najua ni karibu, mama. Panda."

Ghala la kampuni lilikuwa upande wa pili wa mji, karibu na reli, jengo la zamani la nafaka lililopakwa rangi mpya. Lori lenye tanki la ubaridi lilikuwa limekwisha kuingia, dereva amelala chini yake. Silvesta, mpokeaji wa kampuni, alitoka na koti jeupe, bomba la kioo mkononi. Alikuwa mtu wa Ludewa, mzaliwa wa kule Manda ziwani, na kwa kawaida alikuwa na maneno ya kuchekesha. Leo alisalimia tu.

"Umechelewa, dada Oliva."

"Getini. Wametuweka getini."

"Mh." Alichota kutoka pipa la kwanza, akatumbukiza kipimo chake, akakitazama kikielea. Akachota la pili. Oliva alimtazama usoni badala ya kukitazama kipimo. Alipofika la mwisho, povu lilipanda kwenye bomba likamwagikia vidole vyake, akavifuta kwenye koti.

"Hii imeondoka, imeshachacha," alisema.

"Hata lile la kwanza?"

"La kwanza limekaribia. Zamani ningelipitisha, nisikudanganye. Tulikuwa na rafu moja kule uwanjani, hakuna aliyeangalia. Sasa duka limekua, wametupa kona nzima, na kila chupa wanaipima upya kule. Nikipeleka iliyochacha wanarudisha gari zima, na kazi yangu inaondoka nayo."

"Ni geti, Silvesta. Mwenyewe unajua. Mtogwa ulitoka kwangu mzuri."

"Naamini. Lakini kipimo hakijui geti."

Oliva aliuliza kama angeweza kuwapigia wakubwa. Silvesta akasema amewapigia tangu asubuhi kuhusu magari yote yanayokwama kwenye mageti, wakamwambia hilo ni jambo la wagemaji. Akatazama chini.

"Halafu kuna lingine. Mapipa. Nayahitaji leo, matupu na yameoshwa. Kuna kikundi cha Wanging'ombe kinaanza kesho."

"Na sisi?"

"Nyinyi nitawapigia."

Oliva alijua simu ya namna hiyo. Miaka yote mtu akimwambia nitakupigia, alikuwa anamwambia kwaheri.

"Basi niumwage hapa," alisema.

"Hapa usimwage, tafadhali. Bwana afya alishatutoza faini kwa ajili ya harufu."

Oliva alisogea kando, akampigia Nahumu. Simu iliita muda mrefu. Nahumu alipopokea, kulikuwa na kelele za kuku nyuma yake.

"Nina mzigo," Oliva alisema. "Unafaa kilabuni. Mimi mwenyewe nitauleta, utaweka bei yako."

"Bei yangu?" Nahumu alisema polepole. "Mama, mimi nilishapata watu wangu, wa Mtwango. Siwezi kuwafukuza kwa sababu wazungu wamewakataa nyinyi. Pole lakini."

Akampigia Conjesta. Huyo alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Wamekataa," Oliva alisema.

Akasikia Conjesta akiwaambia watu waliokuwa karibu naye, wamekataa, na sauti nyingi zikaanza kwa pamoja halafu zikakatika.

"Yote?"

"Yote. Na wanataka mapipa. Nimwage wapi, Conjesta? Ni jasho la watu, siwezi kuamua peke yangu."

Conjesta alivuta pumzi. "Usimwage kwenye mtaro. Angalau wape watu wanywe. Sisi tuko hapa tu."

Abasi alikuwa ameegemea usukani. Povu lilikuwa limeanza kujipenyeza chini ya kifuniko cha pipa la mwisho na kuteremka kwenye plastiki ya bluu, taratibu, likaacha njia nyeupe. Wote wawili waliliona.

"Sikulaumu," Oliva alisema. "Tulielewana. Ila nipeleke mpaka getini tu, pale kuna uwanja mpana na watu. Nitayaosha, uyarudishe huku. Nauli yako nitaileta, leo sina."

Abasi aliisubiri treni ya mizigo iliyokuwa inapita mpaka ikamalizika. Kisha akavaa kofia yake ngumu, akashusha kioo chake mpaka kidevuni.

"Mimi sijafungua kitu," alisema kutoka ndani ya kofia. "Nimepakia mapipa, nashusha mapipa."

*

Getini foleni ilikuwa ndefu zaidi. Denis alikuja na mashine yake.

"Huu unaingia," alisema.

"Unarudi. Ni ule ule, nilishaulipia asubuhi."

"Asubuhi ulikuwa unatoka, mama. Risiti ile ni ya kutoka."

Oliva alimtazama. Alikuwa kijana wa rika la mtoto wake, midomo imepasuka kwa baridi, soksi moja ikiwa imelowa juu ya kiatu. Huenda naye alikuwa na kiwango cha kufikisha kwa siku. Oliva hakumwonea hasira yeye. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imekosa mtu wa kumwendea, tangu kule ofisini, tangu ghalani, na sasa ilimfanya atulie kabisa.

"Hauingii," alisema. "Abasi, shusha hapa hapa."

Waliyashusha upande wa nje wa bomba, kwenye uwanja wa kokoto ambako akina mama waliuza viazi vya kuchemsha na wapakiaji wa mbao walikuwa wamejilaza wakisubiri lori lao. Oliva alifungua pipa la kwanza. Harufu ilitoka, tamu na kali, vichwa vikageuka.

"Leteni vikombe," alisema.

Hawakuelewa mara moja. Mwanamke mmoja wa viazi ndiye aliyekuja kwanza na kikombe cha chai. Akanywa, akafumba macho, akauliza ni kiasi gani. Oliva akatikisa kichwa. Hapo ndipo wapakiaji walipoamka. Walikuja na makopo, chupa zilizokatwa shingo, mfuniko wa birika. Dereva wa lori alikuja na kofia yake ya plastiki. Vijana wa bodaboda walipanga foleni nyingine kando ya ile ya ushuru.

Denis alifika akiwa na haraka. "Mama, hairuhusiwi kuuza pombe saa hizi. Mpaka saa kumi."

"Siuzi."

"Unafanya nini sasa?"

"Namwaga."

"Unamwaga kwenye vikombe?"

"Ndiko kulipo karibu."

Watu walicheka, na Denis naye nusura acheke. Alipiga simu, akageuka upande ili asisikike. Oliva aliendelea kuchota. Aliona mgongo wa Denis ukiinama kidogo, akiitikia, ndiyo bosi, hapana bosi, hapokei hela. Alipomaliza aliirudisha simu mfukoni na kubaki amesimama, mashine inaning'inia shingoni. Hakuwa na cha kuibonyezea.

Pipa la tatu lilipofika katikati, Oliva alibadilisha mkono wa kuchotea. Alikuwa hajala tangu jana usiku. Aliona sura za watu wakinywa, wengine wakimshukuru, wengine wakirudi mara ya pili kwa kujificha, na kila kikombe alichojaza alijua kimetoka shamba la nani. Hiki cha Conjesta. Hiki cha mzee Masumbuko, anayegema kwa mkono mmoja tangu alipopooza. Alitaka awaambie wanywaji majina hayo, lakini hakuona pa kuanzia.

Pikapu nyeupe ilitokea mjini, ikakaa nyuma ya mkokoteni. Ilikuwa imesheheni miche ya parachichi kwenye vifuko vyeusi, imepangwa kwa safu, majani yake mapana yakipigwa na upepo. Denis aliiona, akaenda moja kwa moja kwenye bomba akalinyanyua. Hakugusa mashine. Mwenye mkokoteni alilalamika, Denis akamjibu kwa sauti ya kuchoka, "Miche ya mwekezaji haina ushuru, ina barua."

Pikapu ilisogea polepole ikamfikia Oliva. Kwenye kiti cha abiria, karibu na dereva wa kukodi, alikaa Aloyce.

Walitazamana kupitia kioo. Aloyce alimgusa dereva, gari likasimama. Alishuka, akavua kofia.

"Shemeji. Kuna nini hapa?"

"Kampuni imeukataa mzigo." Akamjazia kikombe, akampa. Aloyce alikipokea kwa mikono miwili, kwa mazoea. "Ile ni miche ya nani?"

Aloyce alikunywa kwanza. "Ni zamu yangu imefika leo. Walinipigia alfajiri. Nisingechukua wangepewa wengine, na jina langu lingefutwa. Mkopo nimeshasaini, shemeji."

"Inakwenda wapi?"

Aloyce alitazama mapipa, akatazama watu, kisha akatazama kikombe chake kama kwamba neno lilikuwa humo.

"Msimu haujaisha," Oliva alisema.

"Mche hausubiri msimu. Ukikaa kwenye kifuko mizizi inakufa. Na mwenyewe umesema, wamekataa."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na Oliva hakubishana. Aliwagawia waliobaki mpaka kopo likakwaruza chini ya pipa la mwisho, akaosha mapipa kwa maji ya mwanamke wa viazi, akamsaidia Abasi kuyafunga. Abasi alisema nauli isimtie wasiwasi, kisha akasema tena, maana mara ya kwanza Oliva hakuwa amesikia.

"Mnapita kwangu," Oliva alimwambia Aloyce. "Nipakieni."

Nafasi ya mbele haikutosha, akapanda nyuma, akakaa katikati ya miche. Barabara yote alishika ubavu wa gari kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akazuia vifuko visianguke, kwa sababu vilikuwa vinaanguka na alikuwa karibu navyo. Wingu lilikuwa limeshuka tena juu ya misitu ya misindano. Alimfikiria Conjesta na wengine wakimsubiri njia panda, na kwamba wangeiona miche kabla hawajamwona yeye.

Walikuwa pale kweli, wamekaa kwenye gogo. Walisimama gari lilipopita, lakini hakuna aliyepunga mkono.

Kwenye njia ndogo inayoshuka kwenye mianzi ya Anselmi, pikapu ilipunguza mwendo ili ikate kona. Oliva aligonga bati la juu, gari likasimama. Alishuka, miguu imekufa ganzi, nguo zinanuka ulanzi. Akapita ubavuni mwa gari, akapita dirisha la Aloyce bila kugeuka, akaingia kwenye njia. Alipofika mahali ambapo njia ni nyembamba, kati ya jiwe na mtaro, alisimama akawageukia.

Dereva alipiga honi. Alipiga tena, kwa muda mrefu.

"Shemeji," Aloyce aliita kutoka dirishani. "Shemeji, tuongee basi."

"Ongea."

Aloyce aligeuka akaitazama miche. Manyunyu yalianza, yakatua kwenye kioo cha gari na kwenye majani ya miche. Nyuma ya pikapu Conjesta alikuwa anakuja, hana haraka, na nyuma yake wengine. Dereva alimtazama Aloyce, akisubiri aambiwe. Mwishowe dereva mwenyewe akanyoosha mkono akazima injini.

Oliva alijitanda kanga kichwani, akabaki pale pale.